Wimbi lililo kwenye simu yako lilifikaje pwani ya California?

Fungua simu yako, nenda kwenye emoji, tafuta ile ya wimbi la bahari. Kama unatumia iPhone utaona wimbi la buluu lililojikunja, lenye povu jeupe juu. Wengi huituma wakienda ufukweni, bila kujua kwamba inafanana mno na picha iliyochongwa kwenye mbao huko Japani karibu miaka 200 iliyopita.

Picha hiyo ni kazi ya Katsushika Hokusai, na dunia nzima inaijua kwa jina la Wimbi Kubwa. Iko kwenye fulana, vikombe na kuta za mikahawa. Julai 2024 Japani iliichapa nyuma ya noti yake mpya ya yeni 1,000.

Ila safari yake haikuishia Japani. Namna hiyo ya kuchora bahari ilivuka maji, ikapita Ufaransa, na mwishoni ikatua kwenye pwani ya California, Marekani. Huko yupo msanii anayeitwa Tom Killion ambaye kwa miaka zaidi ya 40 amekuwa akichonga pwani hiyo kwenye mbao kwa mtindo wa Kijapani.

Ukiweka picha za hao wawili pamoja, kuna kitu utakigundua haraka. Kwenye pwani ya Hokusai watu wapo kila mahali. Kwenye pwani ya Killion, mara nyingi hakuna mtu hata mmoja.

Kwa nini? Jibu linaanzia kwenye kipande cha mbao, na linaishia kwenye siasa za ardhi.

Kwanza, picha ya mbao ni nini?

Fikiria muhuri wa ofisi. Sehemu iliyoinuka inashika wino, sehemu iliyochimbwa haishiki. Ukigonga kwenye karatasi, kilichoinuka kinaonekana, kilichochimbwa kinabaki cheupe.

Picha ya mbao ni muhuri mkubwa wa aina hiyo. Fundi anachukua ubao uliolainishwa vizuri, anachimba kila mahali pasipotakiwa rangi, anaacha mistari imeinuka. Kisha anapaka rangi, anaweka karatasi juu, anaikandamiza. Na kama ilivyo kwa muhuri, kila kitu lazima kichongwe kinyume: cha kulia kiwe kushoto.

Ugumu unakuja kwenye rangi, kwa sababu kila rangi inahitaji ubao wake, au angalau sehemu yake kwenye ubao. Ukitaka buluu mbili, njano na kijivu, karatasi ileile italazwa mara nne juu ya mbao tofauti, na kila mara itue palepale. Ikisogea kidogo tu, rangi inatoka nje ya mstari na picha imeharibika.

Wajapani walilitatua hilo kwa ujanja rahisi. Kila ubao ulichongwa alama mbili ndogo, moja ya kona na nyingine ya pembeni, ambazo karatasi inaegemezwa. Alama hizo zinaitwa kento, na mafundi wanazitumia mpaka leo.

Picha moja, mikono minne

Watu husema Hokusai alichonga Wimbi Kubwa. Ukweli ni kwamba yeye aliuchora tu.

Katika biashara ya picha za Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, kazi iligawanywa. Mchapishaji alitoa fedha na kuamua nini kitauzwa. Msanii alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri na kuchonga akiifuata mistari. Mchapaji ndiye aliyeweka rangi na kutoa nakala.

Maana yake ni kwamba mchoro wa msanii uliharibiwa wakati wa kuchonga. Hakuna "Wimbi Kubwa la asili" lililofichwa mahali. Nakala zilizochapwa ndizo kazi yenyewe.

Mchapaji hakutumia mashine. Alisugua mgongo wa karatasi kwa kifaa cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi, kinachoitwa baren. Kwa kupangusa rangi kidogo upande mmoja wa ubao aliweza kufanya anga ianze na buluu nzito juu na kufifia taratibu kuelekea chini. Ule mfifio unaouona kwenye picha za Kijapani za bahari na machweo ni kazi ya mkono, na kila nakala hutoka tofauti kidogo na mwenzake.

Bei ya bakuli mbili za tambi

Wimbi Kubwa lilitoka mwaka 1831 hivi, likiwa sehemu ya mfululizo wa mandhari 36 za Mlima Fuji. Hokusai alikuwa na miaka kama 70. Mfululizo ulipata wanunuzi wengi kiasi kwamba picha 10 ziliongezwa, zikafika 46, lakini jina likabaki lilelile.

Karatasi yake ni ndogo, sentimita 25 kwa 37 hivi. Haikuwa sanaa ya matajiri. Nakala moja iliuzwa kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli mbili za tambi, na maelfu ya nakala yalichapwa.

Leo hali imegeuka. Machi 2023, nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.7 za Marekani kwenye mnada wa Christie's jijini New York.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Ile buluu iliyoifanya picha iwe maarufu ni rangi ya kigeni. Ni buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kufika Japani kupitia wafanyabiashara. Ilikuwa nzito, haikupauka kirahisi, na ilifaa sana kwa maji. Kwa hiyo picha tunayoiona kuwa ya Kijapani kabisa ilikuwa na Ulaya ndani yake tangu mwanzo.

Ndani ya wimbi kuna watu wako kazini

Irudie picha yenyewe, uitazame polepole. Chini ya wimbi kuna mashua tatu nyembamba. Ndani yake wapiga makasia wameinama, wameshikilia kwa nguvu zote. Hawa si watalii. Mashua za aina hiyo zilikuwa za mbio, za kuwahisha samaki wabichi kwenye soko la Edo.

Mlima Fuji wenye urefu wa mita 3,776 umewekwa nyuma, mdogo kuliko wimbi. Kilicho mbele ni watu wanaotafuta riziki, na bahari inayoweza kuwameza.

Mwenzake Hokusai, Utagawa Hiroshige, naye alichora hivyohivyo. Mfululizo wake wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido, ulioanza kutoka mwaka 1833, unafuata njia ya kati ya Edo na Kyoto, ambayo sehemu kubwa yake ilipita kando ya bahari. Wapo wapagazi, wasafiri wanaokimbia mvua, wenye nyumba za wageni, wavuvi. Pwani ni barabara na ni mahali pa kazi.

Na leo? Kanagawa iliyoipa ile picha jina lake imemezwa na jiji la Yokohama, mojawapo ya bandari kubwa za Japani. Pwani ya Tokaido imejaa viwanda, reli na majengo. Bahari ipo, ila pwani ile aliyoiona Hokusai haipo tena.

Zilitokaje Japani?

Kwa zaidi ya miaka 200 Japani ilibana sana biashara na mataifa ya nje. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zilifika na kulazimisha milango ifunguliwe. Baada ya hapo picha za mbao zikaanza kufika Ulaya kwa wingi, tena kwa bei ndogo.

Wasanii wa Paris walizipapatikia. Claude Monet alizikusanya na kuzitundika nyumbani kwake. Vincent van Gogh mwaka 1887 alinakili picha za Hiroshige kwa rangi za mafuta.

Henri Rivière, Mfaransa aliyezaliwa 1864, alikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1890 alijifunza mwenyewe kuchonga mbao kwa kuzichunguza picha za Kijapani, kisha akachora miamba, mawimbi na vijiji vya Bretagne, pwani yenye upepo mkali magharibi mwa Ufaransa. Aliweza kuonyesha kwamba mtindo huu unafaa kwa bahari yoyote ile.

Huko Japani nako mambo yalibadilika. Mwaka 1904 kijana Yamamoto Kanae alitoa picha ndogo ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuichapa mwenyewe. Likaanza vuguvugu la wasanii waliotaka kazi yote ifanywe na mkono mmoja. Wengi wanaofanya sanaa hii leo nje ya Japani wanafuata njia hiyo.

Tom Killion ni nani?

Killion alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Mill Valley, mji mdogo kaskazini mwa San Francisco, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais. Mlima wenyewe si mrefu, hata mita 800 haufiki, lakini umesimama karibu kabisa na bahari, na ukungu wa Pasifiki huuzunguka kama shuka.

Tangu akiwa mdogo alivutiwa na Hokusai na Hiroshige. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha mandhari 28 za Mlima Tamalpais. Ukisikia namba hiyo unajua mara moja anamjibu nani: mzee Hokusai na Fuji yake. Miaka minne baadaye akatoa kingine cha picha za pwani, kutoka Point Reyes hadi Point Sur.

Kwa msomaji wa Afrika kuna jambo la kushtua kidogo. Huyu msanii wa miamba ya California ni daktari wa falsafa katika historia ya Afrika, shahada aliyoipata Chuo Kikuu cha Stanford. Alifanya kazi na wakimbizi wa Eritrea nchini Sudan, akafundisha historia ya Afrika chuoni Marekani, na mwaka 1998 akachapisha kamusi ya historia ya Eritrea. Baadaye ndipo sanaa ikawa kazi yake kuu.

Alishirikiana pia na mshairi Gary Snyder, ambaye aliishi Japani miaka mingi akijifunza Zen. Pamoja walitoa kitabu cha milima ya Sierra mwaka 2002 na cha Mlima Tamalpais mwaka 2009. Mwaka 2015 kikafuata kitabu kikubwa kuhusu pwani ya California, chenye picha, mashairi na historia.

Je, anafanya kila kitu kama Mjapani? Hapana, na hafichi. Anachonga kwa vifaa vya mkono vya Kijapani na anatumia karatasi za Kijapani, lakini anachapa kwa wino wa mafuta na mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyotengenezwa Ujerumani. Mwenyewe huziita kazi zake ukiyo-e bandia, akimaanisha picha za mtindo wa Edo zisizo za Edo.

Mbona pwani yake haina watu?

Hapa ndipo hadithi inapotoka kwenye sanaa.

California ina watu wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na ardhi ya kando ya bahari ni ghali kupindukia. Kwa hesabu za kawaida za biashara, ile miamba mitupu ya kwenye picha za Killion ingekuwa imejaa majumba zamani. Na mipango ilikuwepo.

- Bodega Head: Kampuni ya umeme ilipanga kujenga kinu cha nyuklia kwenye rasi hii, jirani na ufa mkubwa wa ardhi wa San Andreas unaoleta matetemeko. Wakazi na wanasayansi walipinga. Mpango uliachwa mwaka 1964, wakati shimo la msingi limeshachimbwa. Shimo hilo bado lipo, limejaa maji.

- Marin Headlands: Kwenye vilima vinavyotazamana na daraja la Golden Gate ulipangwa mji mpya wa watu wapatao 30,000, wenye maghorofa. Kesi na upinzani viliuzima, na mwaka 1972 eneo likaingia kwenye hifadhi ya taifa.

- Point Reyes: Viwanja vilishaanza kukatwa. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kuifanya hifadhi ya pwani ya taifa.

Kisha Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo zima walipitisha kwa kura sheria ya kudhibiti ujenzi kando ya bahari. Mwaka 1976 ikafuata Sheria ya Pwani ya California, ambayo pamoja na mambo mengine inalinda haki ya mwananchi wa kawaida kufika ufukweni.

Tazama miaka hiyo, halafu kumbuka kitabu cha kwanza cha Killion kilitoka 1975. Alikua na kuanza kuchonga wakati watu wa kwao wanabishana kama vilima vile vibaki au viuzwe. Sanaa haikuiokoa pwani. Iliokolewa na mikutano, kesi na kura. Lakini utupu unaouona kwenye picha zake, ule wa nyasi, ukungu na mwamba, ulipatikana kwa kupiganiwa.

Je, ni "pori" kweli?

Swali hili lina uzito, na picha nzuri zinaweza kutufanya tulisahau.

Kabla ya wazungu kufika, pwani ya Point Reyes ilikuwa nyumbani kwa watu wa Coast Miwok kwa maelfu ya miaka. Walivua, waliwinda, walichoma nyasi kwa mpango. Waliondolewa kwanza na misheni za Kihispania, magonjwa na kuporwa ardhi. Vizazi vyao wapo hadi leo. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilirudisha utambuzi rasmi wa kabila lao, pamoja na jirani zao wa Southern Pomo.

Baada yao walikuja wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia miaka ya 1850. Hifadhi ilipoundwa waliruhusiwa kubaki. Mashirika ya mazingira yakafungua kesi yakisema mifugo inaharibu maji na kuwabana wanyamapori. Januari 2025 yakatangazwa makubaliano: mashamba 12 ya mifugo yafunge shughuli, kwa malipo. Wanaofurahi wapo, na wanaolia wapo, hasa vibarua waliokuwa wakiishi humo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Ubishi kati ya hifadhi na mfugaji anaujua.

Kwa hiyo ukiona picha ya pwani isiyo na mtu, uliza maswali mawili. Nani aliizuia isijengwe? Na nani aliondolewa ili ionekane tupu? California ina majibu ya yote mawili, na yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja.

Si unapiga tu picha kwa simu?

Unaweza, na itatoka nzuri. Ila kuna kitu ubao unafanya ambacho kamera haifanyi.

Kamera inachukua kila kitu: nyaya za umeme, gari lililoegeshwa, mtu aliyepita. Mchongaji hawezi kuchukua kila kitu. Wimbi lina matone yasiyohesabika, naye ana kisu na mistari michache. Lazima aamue: huu mstari ubaki, ule uondoke. Na akishachimba, hakuna kufuta.

Wengine huchonga ubao uleule mara kadhaa. Wanachapa rangi nyepesi kwanza, wanachimba zaidi, wanachapa rangi nzito juu yake. Mwisho wa kazi ubao umeisha, na nakala nyingine haziwezi kupatikana tena.

Hokusai aliamua povu liwe kama kucha. Killion anapochonga miti iliyopindishwa na upepo wa Pasifiki, naye anachagua. Uchaguzi huo ndio unaokufanya wewe, ambaye labda hutafika kule, uujue upepo wa mahali hapo ukitazama tu mti ulivyoinama.

Unataka kuziona?

Huhitaji tiketi ya ndege wala kulipa. Jumba la Metropolitan la New York na Art Institute of Chicago yameweka Wimbi Kubwa kwenye tovuti zao kwa ubora wa juu, na unaruhusiwa kupakua bure. Kwa data ndogo, subiri Wi-Fi, maana mafaili ni mazito. Kazi za Killion zina haki miliki, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti yake mwenyewe.

Ukishaifungua, ikuze kwa vidole viwili. Anzia kwenye povu, shuka hadi kwenye mashua. Angalia anga: kwenye nakala zilizohifadhika vizuri utaona mawingu mepesi ya rangi ya waridi ambayo kwenye nyingine yamepauka kabisa.

Halafu ukikutana na kazi ya namna hii inauzwa, tazama chini yake. Wachapaji wa sasa huandika kwa penseli namba kama 12/100, yaani nakala ya 12 kati ya 100, na kutia saini. Bango la kawaida la dukani halina hiyo, na halipaswi kuuzwa kwa bei ya kazi ya mkono.